Ni Maji ya Kiyoyozi Hayo

Kwa miezi mitatu mke wangu aliniambia kitu kimoja, na kwa miezi mitatu nilimjibu jibu moja. Kila asubuhi nikishatoa gari uani, Mama Zai anabaki na fagio lake, anainama, anaangalia sakafu, anasema: "Baba Zai, gari linavuja." Nami nimeshusha kioo, mkono mmoja kwenye usukani kama dereva wa waziri, najibu: "Ni maji ya kiyoyozi hayo."

Maji ya kiyoyozi hayana rangi. Hudondoka meupe, gari likiwa linawaka, na yakikauka hayaachi hata doa. Yale ya uani kwetu yalikuwa ya kijani, yanateleza kidoleni kama mlenda, tena yalidondoka usiku, gari limezimwa na kiyoyozi kimelala zamani. Mama Zai alikuwa akiyafukia kwa mchanga kila alfajiri ili paka asiyalambe, maana alishasikia kwamba kulanti, yale maji ya dawa ya kupozea injini, ni tamu na ni sumu. Yaani mke wangu alijua mpaka ladha yake. Mimi mwenye leseni nilikuwa bado kwenye kiyoyozi.

Tena nilikuwa na dawa yangu. Kila Jumapili nafungua boneti, nachungulia kile kikopo cha plastiki pembeni ya rejeta, nakuta kiko chini ya mstari, najaza maji ya kisima chetu. Kama umewahi kukaa Dar es Salaam unavijua visima vyetu: maji ambayo hata chai inayakataa, na sabuni ikiyaona inanywea. Hayo ndiyo nilikuwa naiwekea injini, halafu najifuta mikono kwa kitambaa na kuwaambia majirani kwamba gari ni matunzo.

Dalili zilikuwepo, sisemi uongo. Kwenye foleni ya Ubungo mshale wa temperecha ulikuwa unainuka kidogo, kama mtu anayenyoosha shingo kuona nani kaingia. Nikizima kiyoyozi unarudi kukaa. Nikaona tumeelewana.

Basi ikaja safari ya Lushoto. Mdogo wangu alikuwa amepata mchumba Msambaa, na wazee wakakaa, wakakubaliana kwamba barua ya posa isitumwe, ipelekwe kwa mkono kama zamani. Barua niliiandika mimi kwa sababu nina mwandiko. Nilitafuta kalamu ya wino hasa, ile ya maandishi mazito, nikaanza na salamu ndefu, nikaingia kwenye "kijana wetu" kwa herufi za kuchorachora. Karibu na mwisho wino ukaisha, ikabidi jina langu, mimi mwandishi na msimamizi, nilimalizie kwa biro ya mwanangu ya shule. Niliona ni kasoro ndogo.

Mpangilio wa abiria ulikuwa hivi. Mbele Mjomba, mshenga mkuu na mbeba barua. Nyuma Baba Mdogo na tasbihi yake, Shangazi na gauni lake la satini, na katikati yao Mama Zai, aliyekuja ili upande wa wanawake nao uwe na macho. Mjomba alivaa suti ya kijivu nzito, vifungo vitatu vyote vimefungwa, barua iko mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo. Kumbuka koti hilo. Asubuhi ile nilimkuta anavaa, nikaona shati lake lilivyo: kola ipo, mbele papo, mikono ipo, lakini mgongoni palishakwisha zamani, panya au umri, sikuuliza. "Koti halitatoka mwilini mpaka tunarudi," aliniambia. "Hii siri ni yako na yangu." Leo siri ni ya wote, naomba radhi, Mjomba.

Kutoka Dar mpaka Mombo gari lilitambaa kama nyoka kwenye mafuta. Chalinze, Segera, Korogwe, mshale umetulia katikati. Sikujua wakati ule kwamba kwenye barabara kuu upepo wenyewe ndio unaoifanya kazi ya feni. Ukiwa mwendo wa 80 hewa inapita kwenye rejeta bure, hata feni ikiwa imekufa hutajua. Na mimi feni mbili nilizonazo, moja ilikuwa marehemu. Kwa hiyo nilifika Mombo nikiwa najisifu kuhusu gari ambalo lilikuwa linaponea upepo wa watu.

Pale Mombo, kwenye kona ya kuingia mlimani, kulikuwa na lori la kreti za soda likijikongoja. Nikalipita kwa honi mbili. Utingo aliyening'inia nyuma alinipungia mkono, nami nikampungia kwa vidole viwili, kama watu wenye haraka wafanyavyo.

Barabara ya Mombo kwenda Lushoto ni kama kilomita 33 za kupinda. Upande mmoja ukuta wa mwamba, upande mwingine korongo lenye mto chini, na kona zinazokuja moja nyuma ya nyingine hata hujanyoosha usukani. Unapanda kutoka kwenye joto la mkonge mpaka kwenye mji ulio kama mita 1,400 juu ya bahari. Gia ya pili, watu watano, mizigo, kiyoyozi mwisho kwa ajili ya suti ya Mjomba. Upepo wa bure ulikwishabaki Mombo.

Baada ya kona kama ya kumi, mshale ukaanza kunyanyuka. Nikaugonga kwa kidole. Sijui nani alitufundisha sisi wanaume kugonga geji, kwamba ikiogopa itasema vingine. Ukapanda tena. Nikatazama kioo cha ndani, nikagongana na macho ya Mama Zai yakiutazama mshale ule ule. Hakusema kitu. Alivuta tu ushungi vizuri, kama mtu anayejiandaa kwa mazishi.

"Kuna harufu," alisema Shangazi. "Tamu tamu. Nani ana kashata?"

"Ni hewa ya mlimani," nikasema.

Mshale ukafika pale penye wekundu, na moyo wangu ukafika nao. Hapo ndipo mtu mwenye akili anawasha indiketa, anatafuta pembeni, anasimama. Mimi nilijiambia: bado kona mbili, Soni iko karibu, tutasimama kwenye maporomoko tupige na picha. Na mara, ghafla, mshale ukaanguka. Ukashuka mpaka chini kabisa, kwenye baridi, ukalala.

"Alhamdulillahi!" nikapiga kelele. "Limepoa! Mmeona? Gari la Mjapani hili!"

Baadaye fundi alinieleza nini kilitokea, na bado nikikumbuka shangwe yangu natamani kuingia chini ya kiti. Kile kinachopima joto kimekaa ndani ya maji. Maji yakiisha kinabaki kwenye hewa tupu, hakigusi chochote cha kukipa joto, kinasoma baridi. Yaani mshale haukushuka kwa sababu injini imepona. Ulishuka kwa sababu mtoa habari alikufa. Nami nikashangilia msibani.

Shangwe ilidumu kona moja. Kisha boneti ikaanza kufuka moshi mweupe pembezoni, kioo cha mbele kikafunikwa, na gari likapoteza nguvu likawa linatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Nikalisogeza penye upana kidogo kando ya mwamba, nikazima. Kimya. Halafu chini ya boneti kukasikika ssssss, na ndani ya hiyo ssss tasbihi ya Baba Mdogo ikiongeza kasi.

"Maji ya kiyoyozi," alisema Mama Zai taratibu, bila kumwambia mtu yeyote.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na wewe mwenye gari usicheke sana. Niliruka nje, nikafungua boneti pale pale, mvuke ukanipiga kifuani nikarudi nyuma. Ulipopungua nikaona mfuniko wa rejeta unanitazama. Akili ikaniambia: maji yameisha, fungua uweke maji. Nikakunja leso yangu mara mbili, nikapeleka mkono. Mjomba amesimama nyuma na chupa ya maji ya baridi ya lita moja na nusu, ananihimiza: "Fungua! Usipofungua mimi naimwagia juu juu!"

Vidole vilikuwa vimeshagusa mfuniko niliponyanyuliwa kwa kola. Nilidhani ni Izraili. Kumbe ni utingo wa lori la soda, yule yule wa honi mbili, ameruka kabla lori halijasimama sawasawa, kama kawaida yao.

"Wee braza! Unataka kuoga uso?"

Hakungoja jibu. Alikunja mkono wa shati akanionyesha. Kutoka kiwiko mpaka kiganjani ngozi ilikuwa imejikunja, inang'aa, kama utando juu ya maziwa ya moto. "Mlima Kitonga hii," alisema. "Nilikuwa na haraka kama wewe. Humo ndani maji yamebanwa, yamepita kiwango cha kuchemka lakini hayana pa kwenda. Ukiyafungulia yanatoka yote kwa mpigo mmoja, na wewe ndiye umesimama mlangoni."

"Lakini maji yote si yameisha?" nikauliza.

"Kilichobaki kinakutosha."

Kisha akamgeukia Mjomba, kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mzee. Hayo maji ya baridi usimwage." Akamwita Shangazi, ambaye alikuwa ametoa kichwa mlangoni. "Mama, chungu kikiwa jikoni kimekauka, kinawaka, ukikimwagia maji ya baridi kinafanyaje?"

"Kinapasuka," alisema Shangazi. "Hata mtoto anajua."

Mjomba akaanza kunywa yale maji kana kwamba ndiyo ilikuwa nia yake toka mwanzo.

Utingo akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akavunja matawi akayatandaza barabarani, mengine juu, mengine chini ya kona, ili wanaokuja wajue kuna mgonjwa mbele. Pembetatu ninayo, ipo nyumbani, tulikuwa tumeizuilia mlango wa banda la kuku. Abiria wote akawatoa garini, akawapeleka upande wa mwamba, mbali na gari na mbali na korongo. "Sasa tunakaa nusu saa," akatangaza. "Zaidi, siyo pungufu."

Dereva wa lori akashuka, akatandika boksi kivulini, akalala. Kumbe na yeye alikuwa anaipumzisha injini yake, jambo ambalo hulifanya kila safari hata kama hakuna tatizo.

Nusu saa na Mjomba si mchezo. Alianza kutoa elimu. Alisema zamani, wakiendesha Bedford, rejeta ikivuja walikuwa wanavunja mayai mabichi ndani, joto linayaivisha, yanaziba tundu. Wengine, akasema, walimwaga manjano ya kupikia. Utingo alisikiliza kwa heshima, akasema ni kweli watu wanafanya, na ni kweli tundu linaweza kuziba, lakini yai halichagui tundu, linaziba na vijinjia vyote vyembamba vya rejeta, halafu unakuwa na rejeta ya chipsi mayai. Mjomba hakukubali. Akapita kijana na ndoo ya mayai, Mjomba akamsimamisha, akanunua matano kwa ajili ya majaribio. Alipolivunja la kwanza akakuta yamechemshwa. Tukala na chumvi na kachumbari, na nakiri yalikuwa mazuri.

Nusu saa ilipopita, utingo alichukua kitambaa, akauminya ule mpira mnene wa juu unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Ukabonyea laini. "Ukiwa mgumu kama mguu wa mwanariadha, usifungue," akaniambia. "Ukilegea, mbano umekwisha." Hata hivyo hakufungua kwa pupa. Alikunja gunia mara nne, akasimama kando na uso ameugeuza, akazungusha mfuniko robo tu. Ukapumua fyuuu ndogo. Akangoja. Ulipokwisha pumzi kabisa akaukandamiza, akauzungusha wote, akautoa. Ndani kulikuwa kukavu, na kwenye midomo ya rejeta kuna kitu cha rangi ya matofali kama uji wa ulezi. Hayo ni maji yangu ya kisima ya Jumapili, yamekutana na chuma wakazaa.

Uvujaji ulikuwa mpira wa chini. Pale unapoingia kwenye rejeta umepasuka ufa wa kidole kimoja, na klampu imekula kutu. Alikata ile sehemu iliyopasuka kwa kisu, mpira ukabaki mfupi lakini unafika, akaurudisha, akakaza klampu, juu yake akafunga utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli kama mtu anayefunga bandeji. Mto uko chini korongoni, lakini palikuwa na kijito kinachotiririka mwambani mita chache juu yetu. Akaniagiza mimi, siyo mtu mwingine, na dumu la lita tano. Nilikwenda mara mbili na viatu vya posa.

Kabla ya kuweka maji alichomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akakinusa. "Bado nyeusi," akasema. "Ingekuwa kama chai ya maziwa ningekwambia uanze kuuza viti." Kisha akaniambia niwashe, injini inguruma taratibu, naye anamimina kidogo kidogo, anasimama, mapovu yanatoka, anamimina tena. Rejeta ilikunywa lita nne na ushei bila hata kucheua.

Halafu akaja dirishani na kuninong'oneza dawa ya safari iliyobaki. "Kiyoyozi usikiguse. Washa hita. Mwisho kabisa, na feni namba nne."

"Hita? Na joto hili?"

"Hita ni rejeta ndogo iko humo ndani ya dashibodi. Inapitisha maji yale yale. Ukiiwasha unalichukua joto la injini unalileta kwenu. Mtateseka nyinyi, injini itapona. Shusheni vioo tu."

Hapo ndipo nilipokumbuka kuhusu vioo. Gari langu lina vioo vinne, na kinachoshuka ni changu tu. Cha Mjomba mota yake ilikufa nikakitilia kipande cha kadibodi kisishuke kwa aibu. Vya nyuma sikumbuki hata kama vilishawahi kushuka. Lakini hita! Kitu pekee kwenye gari lile kilichokuwa kizima kama kilivyotoka kiwandani kilikuwa hita, kwa sababu katika miaka yote ile Dar hakuna aliyewahi kuigusa. Nilipozungusha ile swichi ya rangi nyekundu kwa mara ya kwanza maishani, ikapiga chafya moja ya vumbi la Kijapani, kisha ikatoa upepo wa tanuri la mkate.

Wajerumani waliuita mji wa Lushoto Wilhelmstal, na walipanda huko kukimbia joto la pwani. Sisi tulipanda tukiwa tumelibeba.

Sina maneno ya kutosha kuieleza ile safari. Mwendo wa taratibu, gia ndogo, nje kuna ukungu mwembamba wa Usambara, wanawake wa Soni wamejifunika vitenge kwa baridi wakituuzia matunda, na ndani ya gari watu watano wanapikwa. Gauni la Shangazi liligeuka rangi. Baba Mdogo alivua kofia, akaikamua nje ya mlango tulipokuwa tumesimama kupima maji, akaivaa tena. Kila kilomita nne tano nilikuwa nasimama, natazama mshale, naminya utepe wa tyubu, tunaendelea. Mjomba ndiye aliyekaa mbele ya matundu mawili ya hita, kifuani na usoni.

"Mjomba, vua koti," Shangazi alimwambia.

"Sivui."

"Utakufa humo!"

"Nitakufa nimevaa."

Akanitazama, nami nikatazama barabara. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye kidevu kama bomba bovu, linaingia kwenye kola, linateremka upande wa moyo. Hakuna aliyeifikiria barua.

Niruke mbele kidogo niseme kuhusu gari, maana najua kuna watu wanataka kujua kama liliishia hapo. Halikuishia. Wiki ya tatu baada ya safari likaanza kupoteza maji bila kuacha hata tone uani, na asubuhi linatoa moshi mweupe mtamu. Fundi, na huyu ni fundi mwingine, aliingiza mkono mara moja akatoa majina yote ya marehemu: gasketi ya silinda hedi imeungua, hedi yenyewe imepinda kidogo, ikapelekwa kwenye mashine kunyooshwa. Feni moja imekufa. Rejeta mbele imejaa udongo na mabawa ya panzi, hewa haipiti. Mfuniko wa rejeta raba yake imekauka, na mfuniko nao una kazi, siyo kifuniko cha sufuria: ule wangu umeandikwa 0.9, ndiyo kiasi cha mbano unaoushikilia, na mbano huo ndio unaofanya maji yasichemke kwenye 100 bali karibu na 120. Ukilegea, yanachemka mapema, na huko milimani mapema zaidi. Mfuniko mpya unauzwa bei ya chipsi kuku, sahani mbili tatu hivi. Mimi nilikuwa nimeziacha sahani hizo kwa miaka miwili nikaja kulipa ng'ombe.

Akauliza themostati iko wapi. Nikamwambia fundi wa mtaani aliitoa, alisema ni ya nchi za baridi, Bongo haina kazi. Huyu akacheka mpaka akakaa juu ya tairi. Akasema ile ndiyo bawabu, inafunga maji mpaka injini ipate joto lake sawa, kama nyuzi 80 na kitu, ndipo inayaruhusu kwenda kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inatembea na baridi muda mwingi na kula mafuta, na kwenye baadhi ya injini maji yanapata njia ya mkato, yanazunguka yenyewe kwa yenyewe bila kupita kwenye rejeta, hasa pale kwenye mlima unapoyahitaji. Siku hizi naweka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, na mchango wangu wa harusi ya mdogo wangu ndio ule uliokwenda kwenye hedi. Kamati ya harusi iliandika jina langu na mbele yake ikaweka kistari.

Tulifika Lushoto saa tisa na nusu badala ya saa sita. Wenyeji wetu walikuwa wamevaa masweta. Walitupokea mlangoni, wakatutazama, wakatazamana. Watu watano wameloa chapachapa, na siku ile mvua haikunyesha hata tone. Mzee wa nyumba, mtu mpole sana, aliuliza kama tumepita kwa miguu mtoni. Mjomba akasema: "Ni joto la furaha."

Tukaketishwa sebuleni, wanawake wakapita ndani, nyuma ya pazia. Chai ikaja, tangawizi ya moto, na Baba Mdogo akaitazama kikombe chake kama mtu aliyeletewa hati ya mashtaka. Mazungumzo yakafunguliwa, yakapita kwenye mizunguko yake yote, mpaka Mjomba akasimama, akakohoa, akapeleka mkono mfuko wa ndani. Uso wake ukabadilika. Alichotoa kilikuwa kama chapati ya maji, kimekunjika, kina rangi ya samawati.

Hakuna njia ya kurudi nyuma katika mambo haya. Bahasha ilipokelewa kwa mikono miwili, ikafunguliwa kwa uangalifu, karatasi ikabanduliwa, na mjomba wa binti, mwalimu mstaafu mwenye miwani, akasimama dirishani kuisoma. Ukimya.

"Mwandiko ulikuwa mzuri," alisema hatimaye. "Inaonekana."

Akaisogeza karibu na uso. "Salamu... salamu nazikisia. Hapa pana 'kijana wetu', halafu pana bahari. Halafu..." akashuka chini kabisa, uso ukang'aa, "...naam! Jina hili hapa, safi kabisa." Akalisoma kwa sauti ya darasani.

Lilikuwa jina langu. Biro haiogopi jasho.

"Ndiye yupi?" akauliza Mzee wa nyumba. Mjomba, kwa kuchanganyikiwa, kwa joto, kwa sababu alisikia jina na akazoea kulijibia, akaninyooshea kidole. Wazee wote wakanigeukia. Wakanitazama kuanzia upara, wakashuka kwenye kitambi, wakafika kwenye viatu vya posa vilivyojaa tope la kijito. Niliona Mzee akipiga hesabu ya umri wa binti yake.

"Hapana, wazee, mimi siyo, mimi nina..." nikaanza, lakini ulimi ulikuwa umekauka, na lililofuata halikutoka.

Nyuma ya pazia ikasikika sauti ya Mama Zai, tulivu kabisa, yenye adabu zote za mgeni:

"Mchukueni tu, wazee wangu, mimi mke wake nimeridhia. Ila mjue anavuja. Na mkimwambia anavuja, atawaambia ni maji ya kiyoyozi."

Kicheko kilianzia kwa wanawake. Mwalimu mstaafu alivua miwani akajifuta macho. Mjomba alicheka kuliko wote, akajisahau, akanyanyua mikono yote miwili juu, na koti likapanda.